Mama Maabara na Sungura wa Rangwi

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto naijua kuliko ninavyoijua sura yangu. Nimeipanda kwa miguu na tenga la plamu kichwani, nimeipanda nimekaa juu ya magunia ya watu wengine, na leo naipanda ndani ya Fuso langu mwenyewe, na nyuma yangu yanafuata mengine yenye jina langu ubavuni. Darasa la nne tu, na nusu ya darasa hilo nilikuwa shambani nafukuza ndege. Nimebeba kabichi, nimebeba simenti, nimebeba bibi harusi na vyombo vyake vyote. Lakini mzigo ulionitoa jasho kuliko yote ulikuwa wa Mama Maabara, na mzigo wenyewe ulienea kwenye kiganja cha mkono.

Hilo jina tulimpa sisi wa sokoni. La kanisani alikuwa nalo, na la ukoo alikuwa nalo, lakini ukiyataja hayo pale sokoni Lushoto watu watakutazama tu. Sema Mama Maabara, hata muuza tumbaku atakuonyesha njia. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti kilichokuwa juu ya mji, upande wa kwendea Magamba, nyumba ya mawe yenye bati jekundu, tangu ile miaka tauni ilipokuwa inatutembelea milimani. Wenzake wengine pale walitega panya, wengine walihesabu viroboto. Yeye alikuwa na swali lake moja.

"Mgosi," aliniambia siku moja, yaani mwanamume kwa Kishambaa, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mchukuzi, "kaka na dada wamelala kitanda kimoja, wameumwa na viroboto wale wale. Mmoja tunamzika. Mwingine hazipiti siku nyingi anachunga mbuzi. Kwa nini?"

"Mungu, mama."

"Mungu najua. Nauliza kwa njia gani."

Alinieleza hiyo njia kwa lugha yetu, akijua kwamba kitabu changu mimi ni mizani. Ndani ya damu, alisema, kuna chembe nyeupe, na kila chembe ni kama boma. Mlangoni yuko mlinzi. Mdudu wa ugonjwa akigusa mlango mlinzi anamjua, lakini mlinzi haondoki mlangoni, na wazee wenye uamuzi wako ndani kabisa. Sasa nani apeleke habari? Yuko mshenga. Kijitu kidogo, hakina silaha, hakina amri, hakipigani na mtu. Kazi yake ni kumshika huyu kwa mkono huu na yule kwa mkono ule, maneno yapite. Asipokuwepo, mlangoni moto unawaka na wazee wamelala. Wazungu walimpa huyo mshenga jina la herufi na namba, kama namba ya gari. Mimi sikuwahi kulikamata. Mama Maabara alitaka kujua kama wale tunaowazika ndio ambao mshenga wao hakufika.

"Na mtu mdogo namna hiyo utamwonaje?"

"Humwoni. Unamtuma anayemjua."

Huyo anayemjua ndiye kingamwili. Unamchoma sungura sindano yenye kipande kidogo cha yule mshenga. Damu ya sungura inakasirika, inatengeneza kitu cha kumshika mshenga yule peke yake, popote kitakapomkuta. Halafu unamtoa sungura damu kidogo sikioni, unaiacha igande, unachota maji yanayobaki juu, ya manjano kama chai iliyokosa majani. Hayo maji ndiyo mali. Huko nje wanayauza kwenye vichupa vidogo kuliko kidole cha mtoto, na yeye aliagiza mara moja, kichupa kikakaa bandarini kikisubiri mihuri mpaka kikapata joto na kufa. Hakurudia tena. "Nani ananunua kabichi akiwa Lushoto?" alisema, akaanza kufuga sungura wake mwenyewe.

Kwa hiyo jueni hili mapema: kazi yote ya yule mama iliingia ndani ya kichupa. Ama maji yale yanamjua mshenga, ama hayamjui. Hakukuwa na katikati.

*

Msemo wake mkubwa ulikuwa: kila jambo na shahidi wake. Hakupima kitu kimoja peke yake hata siku moja. Pembeni aliweka kingine ambacho jibu lake analijua tayari, ndicho shahidi. Na hakuliacha kituoni jambo hilo, alishuka nalo mpaka sokoni. Akija kununua maziwa anakuja na kikombe cha maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Anamwaga tone la yake juu ya jiwe, anamwaga tone la muuzaji pembeni, anainama kutazama yanavyotiririka.

"Mama Maabara, yaani unaniona mwizi?" muuzaji mmoja akamwuliza, watu wamejaa.

"Wewe nakuamini. Ng'ombe wako ndiye simfahamu."

Watu wakacheka wiki nzima. Kwenye plamu ndiyo usiseme. Kila mfanyabiashara anajua tenga linavyopangwa: nzuri juu, za kati katikati, na chini Mungu anajua. Yeye alikuwa anageuza tenga. Akageuza la huyu, akageuza la yule, akafika kwangu, na mimi nawaambieni bila haya, soko zima aliyekuwa na plamu nzuri mpaka chini ni mimi. Akachukua moja ya chini kabisa, akaifuta kwenye koti, akaila pale pale. Toka siku hiyo vitu vyake vya maabara vya kubebwa na baridi kutoka Tanga na Dar es Salaam hakumpa mwingine abebe. Nilikuwa navipakata kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, na nilikuwa siongei na dereva njiani, nisije nikaghafilika.

Na usidhani alikuwa mtu wa chuma. Mwanamke aliyeshika viroboto vya tauni kwa koleo kama unavyookota punje za ulezi, alikuwa anaogopa kona za Soni! Ukimpandisha garini, kona ya kwanza tu anafumba macho na kuanza wimbo wa kanisani kwao, na anauimba beti zote mpaka Mombo, na sauti yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa ya mlango unaohitaji mafuta. Mimi mtoto wa msikitini nilikuwa nashika usukani na kunyamaza. Kwa sungura pia alikuwa mwingine kabisa. Sisi alitusemesha kama hakimu. Sungura aliwaamkia kila asubuhi kwa Kishambaa, "Onga makeo, wanangu," banda kwa banda, na nyama ya sungura haikuingia nyumbani kwake.

*

Aliponipa heshima kubwa nilikuwa bado nalala stoo ya viazi. Nilikuwa nataka kuoa Vuga, nyumba ya watu wanaohesabu ukoo wao mpaka kwenye baraza la wafalme wa zamani. Mimi wa kunisemea sina. Baba alishafariki, wajomba zangu walikuwa watu wa pombe. Nikaenda kwa Mama Maabara nikapiga magoti. Mwanamke, tena Mlutheri, awe mshenga kwa Waislamu wa Vuga! Mahali petu mshenga ni mzee wa kiume, na ndoa ikiyumba yeye ndiye anayeitwa wa kwanza kuulizwa: wewe ulituambia nini siku ile?

"Nitakwenda," alisema. "Lakini nitasema nilichokiona."

Akaketi mbele ya wazee wale, mimi nimesimama nje karibu na dirisha, nikamsikia kwa masikio yangu. "Kijana huyu barua hawezi kuisoma vizuri. Anajisifu tangu alfajiri mpaka usiku. Kwake ni stoo ya viazi. Nimemtuma vitu vya baridi, vikafika vya baridi." Akaishia hapo. Basi! Nikasema nimekwisha. Kumbe baba mkwe wangu anacheka mpaka anakohoa.

"Washenga wote wanaokuja hapa wanatuletea malaika," akasema. "Wewe umetuletea mtu."

Nikapewa. Na nikamwoa, na mpaka leo ninaye, na wanangu wote ni wake.

Halafu soko likafunguliwa. Ruksa hii, ruksa ile, mwenye akili akaamka. Wengine walifungua vioski. Mimi nilileta friza kubwa la mitumba kutoka Dubai, la kwanza pale mjini, na jenereta lake. Wakati ule ule serikali ikawa inajitoa kwenye mambo mengi, kituo cha mawe kikakosa mafuta ya jenereta, na umeme wa mgao ukawa unakuja kama mgeni wa mbali. Mama Maabara akashuka na kisanduku chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Friza lako lina nafasi?"

"Kwako wewe, mama, samaki watahama."

Wakahama. Aliyagawa yale maji kwenye vichupa vingi vidogo, maana yakiyeyuka na kugandishwa tena na tena yanapoteza kumbukumbu, alisema hivyo, kama mzee. Akachora msalaba kwenye droo ya chini ya friza, asiifungue mtu. Utafiti wa nchi hii ulilala kwangu, ndugu zangu, chini ya barafu za watoto. Wasomi waliojaa mjini hapa hakuna aliyeweza kusema hivyo. Mimi naweza.

*

Sasa huyo sungura.

Kulikuwa na mwanamke wa Rangwi, Mkatoliki, mkulima wa maharage. Mwanawe alishikwa na tauni, akaponea kituoni mikononi mwa Mama Maabara na wenzake. Mavuno yalipoisha yule mama akatembea kutoka Rangwi na kapu mgongoni, ndani yake sungura wa kijivu, mkubwa kama mbuzi mchanga, sikio moja limechanika. Akasema: "Sina kingine. Naye afanye kazi kama wenzake. Hiyo ndiyo shukrani yangu."

Sheria ya Mama Maabara ilikuwa moja. Kabla ya sindano ya kwanza, kila sungura anatolewa damu kidogo. Damu ya kabla, aliita hivyo. Ni damu ya sungura ambaye bado hajaambiwa lolote, na ndiyo shahidi wake: baadaye ukiona kitu, unauliza kama kilikuwepo tangu zamani. Lakini kwetu zawadi haipimwi. Ukiletewa kuku humshiki kifua mbele ya mgeni kuona ana nyama. Ukiletewa unga huuchungulii. Na yule mama alikuwa amekaa pale kwenye benchi na kikombe cha chai, anamtazama sungura wake anavyopokelewa. Amchome sikio kwa bomba la sindano, kana kwamba anamwuliza umeniletea nini? Hakuweza. Mgeni akalala kwake, na asubuhi ilikuwa ndiyo siku ya sindano za wote. Sungura wa Rangwi akachomwa pamoja na wenzake, yule mama akiangalia na kutabasamu.

Wenzake wakatoa maji mepesi, yasiyo na nguvu. Yeye akatoa maji makali. Ukipima, mstari unatokea kwenye karatasi mweusi kama wanja, ndiyo alama kwamba mshenga ameshikwa. Mama Maabara alifurahi mpaka nikamwona anakimbia, mtu mzima, anateremka na ile karatasi mpaka dukani kwangu. Kwa miaka kadhaa ule mstari ulikuwa ndiyo habari njema yake. Wageni walikuja kuuona. Mradi mkubwa ukaahidiwa, wa kupima wagonjwa na ndugu zao, kaka na dada, swali lake lile lile.

Kilikuwa kinakosekana kitu kimoja tu, naye ndiye aliyekitaka. Hakulazimishwa na mtu. Huko nje walikuwa wamezalisha panya asiye na mshenga kabisa, hana tangu tumboni. Akaomba wamtumie chembe za panya huyo. Nilizifuata mimi mwenyewe Dar es Salaam, nikaongeza barafu Chalinze, nikaongeza Korogwe, nikafika nazo ngumu kama jiwe.

Baada ya siku mbili tatu akaniita kituoni. Alikuwa amesimama dirishani na karatasi ameiinulia mwanga.

"Unaona nini, mgosi?"

"Mistari miwili, mama. Hongera!"

"Huu wa kushoto ni wa panya mwenye mshenga. Wa kulia ni wa panya asiye naye."

Nikatazama tena. "Sasa wa kulia umetoka wapi?"

"Ndiyo hivyo," akasema, sauti yake ile ile ya siku zote. "Nimepiga hodi nyumba isiyo na mtu, na sauti imeniitikia 'Karibu!'"

Sungura wa Rangwi alikuja tayari na wake anaowajua. Kabla hajafika kwetu damu yake ilishajifunza kitu kingine huko vichakani, chenye umbo la kufanana na mshenga, na ndicho alichokuwa anatuonyesha miaka yote ile. Damu ya kabla ingesema hayo siku ya kwanza. Damu ya kabla haikutolewa.

*

Wageni wa mradi walikuwa wanakuja wiki ile ile. Hapo ndipo mimi na yeye tulipogombana, na mimi si mtu wa kumwonea haya msomi.

"Mama, waonyeshe wa kushoto tu. Mteja haonyeshwi chini ya tenga."

"Mbona wewe mimi ulinionyesha?"

"Zangu za chini zilikuwa nzuri!"

"Na zingekuwa mbovu?"

Alikuwa ananitazama kama anavyolitazama tone la maziwa juu ya jiwe.

"Watapima watu kwa maji haya," akasema. "Watamwambia mzazi, mwanao ana mshenga, usihofu. Mshenga hayupo. Nani ataitwa kuulizwa siku hiyo?"

Siku ya mkutano nilikuwepo, nimevaa suti, maana jenereta lilikuwa langu na peasi za mezani zilikuwa zangu. Mkuu wa kituo akasoma hotuba ndefu ya kukaribisha. Halafu Mama Maabara akasimama, akaibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, yote, kushoto na kulia. Akaeleza. Akasema kosa ni lake, na hakumtaja mama wa Rangwi. Mkuu wa kituo akawa anatazama viatu vyake. Mgeni mmoja akamwuliza: "Bibi, una uhakika?" Akamjibu: "Sasa ndiyo nina uhakika." Wakampongeza kwa uaminifu, wakala peasi zangu, wakazisifu, wakashuka Mombo. Mradi ukaenda nchi nyingine.

Mimi mpaka leo nasema angengoja kwanza wasaini. Wanaobisha na wabishe, lakini na wao wajenge nyumba za ghorofa.

Kesho yake alikuja dukani, akafungua droo yenye msalaba, akavitoa vichupa vyote, akavimwaga kimoja kimoja kwenye karo la uani. Akaosha karo. Akaniambia samaki wangu warudi. Sungura wa Rangwi aliishi mpaka akazeeka, akiamkiwa kila asubuhi kama wenzake, na alipokufa alizikwa penye ua. Kituo kilififia polepole kama taa ya mafuta. Leo mle ndani kuna ofisi ya watu wengine. Swali la kaka na dada aliondoka nalo bila jibu, akarudi kwao Bumbuli.

*

Nilimfuata huko mwaka mmoja nilipotaka kumwozesha mwanangu mkubwa. Naye, damu haipotei, alipata mchumba Vuga kama baba yake. Nilikwenda na gari dogo jipya, nikaliegesha mahali ambapo kijiji kizima kitaliona. Nikamkuta anachambua maharage barazani, kichwa cheupe, na nyuma ya nyumba mabanda ya sungura. Wa kufuga tu, hawachomi tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mgosi. Umenenepa."

Nikamweleza shida yangu: aniendee Vuga tena. Akafurahi, nilimwona. Akanyanyuka, akachukua khanga yake msumarini, akajifunga.

"Haya, nipe habari za kijana."

Nikampa. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Anaendesha magari yangu mawili. Msikitini hakosi. Mrefu, ana adabu, kinywa chake hakijaonja pombe.

"Na kasoro yake?"

"Mama, huyu hana kasoro. Nimemlea mwenyewe."

Akaifungua khanga, akairudisha msumarini, akakaa, akavuta ungo wa maharage.

"Basi siendi."

"Kwa nini, mama?"

"Kijana asiye na kasoro hayupo. Na mimi kupiga hodi nyumba isiyo na mtu, nilishapiga mara moja inatosha."

Akaendelea kuchambua. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye mashamba ya chai, unafunika gari langu, sasa halionekani hata na mtu mmoja. Mimi naweza kuongea kutoka Mombo mpaka Lushoto bila kurudia neno, lakini pale barazani nilikaa nikisikia maharage mabovu yakidondoka kwenye bati, tiki, tiki.

"Alikuwa na mke Korogwe," nikasema mwisho. "Waliachana. Kuna mtoto wa kike kule. Anaanza shule, na baba yake hajaenda kumwona."

"Vuga wanajua?"

"Hawajui."

"Na mtoto mwenyewe wewe, babu yake, umekwenda kumwona?"

"Bado, mama."

Akamaliza konzi iliyokuwa mkononi, akaweka ungo pembeni, akainuka kwa shida, akachukua tena khanga yake msumarini. Safari hii akachukua na fimbo.

"Sasa umenipa mtu wa kumpeleka," akasema. "Washa gari. Vuga leo, Korogwe kesho. Na kwenye kona uende polepole."

Nilikwenda polepole. Kona ya kwanza akafumba macho, akaanza wimbo wake kwa sauti ile ile ya mlango. Ubeti wa pili nikaupokea mimi. Baada ya miaka yote ile naujua mpaka mwisho.